Barua kwa mwanangu, baada ya kura

Mwanangu mpenzi,

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu imekauka, nikakwepa. Nakujibu kwa kalamu, maana kwa simu ningelia tena, nawe ungenicheka.

Tangu vituo vifungwe sikupata usingizi wa maana. Mgombea wangu ameshinda, wako ameshindwa, na sitajifanya sikufurahi. Lakini hofu yangu haikuwa hiyo. Niliogopa ile saa inayofuata baada ya matokeo kutangazwa. Ninyi mliozaliwa juzi hamuijui. Sisi tunaijua: redio inapiga muziki tu, majirani wanafunga madirisha, kila mzazi anauliza wanawe wako wapi.

Safari hii aliyeshindwa alimpigia mwenzake simu, akampongeza, kisha akatoka mbele ya kamera, tai imekwenda upande, akasema amekubali. Miguu iliniishia nguvu, nikakaa kitako sakafuni.

Watu hulichukulia poa jambo hilo. Mwaka 1991 Kenneth Kaunda, baada ya kuitawala Zambia miaka 27, alishindwa na Frederick Chiluba, akakabidhi madaraka kwa amani. Desemba 2024, kule Ghana, Mahamudu Bawumia alimpongeza John Mahama siku moja tu baada ya kura, tume haijatangaza bado. Hotuba za washindi huzisahau kesho yake. Hizi za walioshindwa hunikaa.

Usidhani lakini nimetulizwa na uungwana wa wakubwa peke yake. Usiku ule nilichungulia dirishani pale kituoni. Karani anainua karatasi moja moja, anaigeuza huku na huku mawakala waione, anataja jina. Umeme ukakatika. Mawakala wa vyama vinavyotukanana majukwaani wakawasha tochi za simu zao, wakamulika sanduku lile lile. Kijana wa chama chako akapinga kura moja, alama imevuka mstari. Wakabishana weee, mwisho wakakubaliana imeharibika. Fomu ikabandikwa mlangoni, wote wakaipiga picha.

Karatasi hizo si mchezo. Malawi, Februari 2020, mahakama iliufuta uchaguzi wa urais wa mwaka uliotangulia, na miongoni mwa ushahidi zilikuwamo fomu zilizopakwa wino mweupe wa kusahihishia. Kura ikarudiwa Juni, akashinda Lazarus Chakwera aliyekuwa mlalamikaji.

Matumaini ninayo, ila nayapima kwa kijiko. Bei za vitu hazitashuka kwa kuwa tumepiga kura, na nusu ya ahadi nilizozipigia makofi nilijua ni maneno ya jukwaani. Ninachongoja ni kuona huyu mgombea wangu atawafanya nini waandishi wa habari watakaomkera, na muhula wake wa mwisho ukikaribia, kama ataiacha katiba ilivyo. Kwa hilo nakutegemea wewe uliyemkataa. Mimi nimempenda, na ukipenda, chongo huita kengeza.

Halafu kuna mjomba wako. Alijitoa kwenye kundi la familia wakati wa kampeni, baada ya yale uliyomwandikia. Wewe ndiye msimamizi wa kundi, mrudishe. Anza na shikamoo. Atakutambia kwa ushindi huu, hilo halina shaka. Mvumilie hadi wiki iishe, ikizidi niambie nitamkanya mwenyewe.

Mama yako