Umeme Ukikatika, Simu ya Mezani ya Faiba Nayo Huzima

"Nyie mafundi mmenikatia simu!" Ndivyo alivyoanza mama mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, akitupigia usiku kwa simu ya mkononi, wiki moja tu baada ya laini yake ya mezani kuhamishwa kutoka waya wa shaba kwenda faiba. Hatukuwa tumekata kitu. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwao, basi. Lakini mama alikuwa na haki ya kushangaa. Miaka yote aliyokaa pale, taa zilizimika na feni zikasimama, ila ukinyanyua mkonga wa simu, mlio ulikuwepo.

Waya wa shaba huleta sauti na umeme kwa pamoja. Kwenye kituo cha simu kuna mabetri makubwa, na kutoka huko laini yako hupewa umeme wa volti 48 hivi, usiku na mchana. Simu ya kawaida ya mezani haihitaji zaidi ya hapo. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele: unapitisha mwanga, umeme haupitishi hata chembe. Kwa hiyo kile kisanduku kinachofungwa ukutani, kinachogeuza mwanga kuwa sauti na intaneti, kinakula umeme wa nyumba yako. Luku ikiisha, na simu imekwisha.

Hili ndilo jambo ambalo mteja haambiwi siku ya kufungiwa. Dawa yake ni betri ndogo ya akiba inayokaa kati ya adapta na kisanduku. Visanduku vingi hutumia volti 12, lakini soma maandishi ya kwenye adapta kabla hujanunua. Volti zikikosewa unaunguza kifaa kisicho chako. Kisanduku kinachokula wati 6, kwa betri ya wati-saa 30, kitakuvusha masaa manne hivi. Na kama rauta ni kifaa cha peke yake, intaneti itakatika hata kama simu inaita, mpaka nayo uitafutie betri.

Je, bora ubaki na shaba? Kwa mji huu, hapana. Hewa ya chumvi ya pwani inaila shaba taratibu, na masika ikifika maji yanaingia kwenye maungio. Mnaifahamu ile sauti, simu inakaanga kama chuma cha vitumbua. Halafu kuna wezi: shaba inauzika kama chuma chakavu, uzi wa kioo hauna mnunuzi. Na kwa intaneti hakuna hata mashindano. Kwenye shaba, kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo ndivyo kasi inavyoshuka, na ukifika kilomita tano unabaki na makombo. Mwanga kwenye faiba hufika kilomita 20 bila wasiwasi.

Kazi yetu sisi ni ya ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za zamani zina soketi za simu sebuleni, chumbani, hata jikoni, na watu hudhani zote zimekufa. Hazijafa. Nyuma ya kisanduku kuna tundu la simu, na kutoka hapo tunaweza kulisha soketi zote. Sharti moja: waya wa shaba unaotoka nje ukatwe kwanza kwenye kiboksi cha mwanzo, pale laini inapoingilia nyumbani. Umeme wa kituo ukikutana na wa kisanduku, kisanduku kinaweza kufa. Ila msikate mapema. Subirini mpaka namba yenu ya 022 iite kwenye laini mpya na mjaribu kupiga na kupokea, ndipo shaba iagwe.

Wenye simu za kuzungusha kwa kidole, tunajua mnazipenda. Nyingi zitaita na mtapokea vizuri, lakini kupiga zinaweza kugoma, kwa kuwa visanduku vingi havielewi ile lugha yake ya kutuma namba kwa kukatakata umeme wa laini. Faksi na kengele za ulinzi zinazopiga simu zenyewe nazo zijaribiwe siku hiyohiyo, fundi akiwa bado yupo.

Uzi wenyewe usikunjwe kwenye kona ya kabati wala kubanwa na mlango. Ukiona taa nyekundu penye maandishi LOS, mwanga haufiki: piga kwa kampuni yako ya simu, na usichomoe uzi kuuchungulia. Mwanga ule hauonekani, lakini jicho unaweza kulidhuru.

Mama wa Upanga tulimfungia betri kesho yake. Ukitupigia kwa kazi kama yake, tupe mambo mawili tu: nyumba ina soketi ngapi, na adapta ya kisanduku imeandikwa volti ngapi.