Risala ya Vijana wa Ufundi Magari kwa Mheshimiwa Diwani, Kuhusu Hatima ya Uwanja wa Mbio wa Fairgrounds, Nashville

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Baraza la Jiji la Nashville,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wetu, wazazi na walezi,
Walimu wetu wa gereji,
Mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha jioni ya leo tukiwa wazima. Mheshimiwa, tunajua una shughuli nyingi na mialiko mingi, na umechagua kuja kwetu. Tunasema karibu sana, na asante.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni vijana wa kike na wa kiume tunaozungumza Kiswahili na kuishi kusini mwa jiji hili, wengi wetu kandokando ya barabara ya Nolensville Pike. Wako ambao wazazi wao walitoka Kivu wakapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wako wa Burundi, wako wa Kenya na Tanzania. Tunakutana jioni na mwisho wa wiki kujifunza ufundi wa magari, na leo wenzetu waliohitimu wanapokea vyeti vyao. Pengine ulitarajia risala yetu iwe ya vifaa na nauli. Hayo tumeyaandika kwenye barua utakayokabidhiwa. Nafasi hii ya kusimama mbele yako tumekubaliana tuitumie kwa jambo moja: uwanja wa mbio za magari wa Fairgrounds, yaani viwanja vya maonesho vya jiji, ule wenye umbo la yai ulio jirani yetu, ambao hatima yake imekuwa ikining'inia tangu wengine kati yetu hatujafika Marekani. Wewe una kura juu yake.

Mheshimiwa, magari yalianza kushindana kwenye viwanja hivi mwaka 1904, wakati huo ikiwa ni njia ya udongo iliyotumiwa pia na farasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikawekwa lami, na mwaka 1958 NASCAR, chama kinachoendesha mbio za magari Marekani, ikaleta mbio zake kuu. Septemba 1965 moto uliteketeza jukwaa la watazamaji wakati maonesho ya jimbo yakiendelea, likajengwa upya. Mwaka 1970 kona zilijengwa upya na kulazwa kwa mwinamo wa digrii 35, kasi ikawa ya kutisha, na baada ya miaka michache zikapunguzwa hadi digrii 18 zilizopo sasa. Mzunguko mmoja ni maili 0.596, yaani hata kilomita moja haifiki. Kati ya 1958 na 1984 mbio kuu za NASCAR zilifanyika hapa mara 42. Richard Petty alishinda hapa mara 9. Darrell Waltrip alikuwa bingwa wa uwanja huu kabla nchi nzima haijamjua. Mwimbaji Marty Robbins alikuwa akishindana hapa Jumamosi usiku, kisha anaondoka mbio kwenda kuimba mwishoni mwa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa country. Wazee wa mtaa huu bado wanalisimulia hilo kama la juzi, na sisi wageni tumelipokea kama sehemu ya historia yetu pia, kwa sababu tumehamia hapa na watoto wetu wanazaliwa hapa.

Mwaka 1984 mbio kuu zikaondoka. Haikuwa kwa kukosa watazamaji. Palikuwa na mvutano juu ya nani aendeshe uwanja, na NASCAR ikachoka ikaenda zake. Tunaomba ulikumbuke hilo, Mheshimiwa.

Sasa tukueleze uwanja huu una maana gani kwa fundi anayejifunza, kwa sababu anayeuona kwa nje anaona magari yanazunguka tu.

Gari la mbio za duara huishi kwa kukata kushoto. Kwa hiyo tairi za kulia huchaguliwa ziwe na mzingo mkubwa kidogo kuliko za kushoto, ili gari lenyewe lipende kuvuta kushoto dereva akiwa kwenye kona. Tofauti hiyo hupimwa kwa utepe, tairi moja baada ya nyingine, na upepo ukiongezwa kidogo tu kipimo kinabadilika. Springi nne zinaweza kuwa za ugumu tofauti. Gari linapandishwa juu ya mizani minne, kila gurudumu na mzani wake, na fundi anazungusha skrubu ya springi moja huku akiangalia uzito unavyohama kutoka gurudumu la nyuma kushoto kwenda la mbele kushoto. Dereva anatoka uwanjani anasema gari linasukuma mbele, halitaki kukata. Hapo fundi ana dakika chache kuamua aguse nini: upepo, springi, au uzito. Akikosea, anaonekana na uwanja mzima.

Mheshimiwa, darasani tulifundishwa mambo hayo kwa ubao. Uwanjani Fairgrounds baadhi yetu tulikaribishwa na timu ndogo za familia, zile ambazo baba ni dereva, mama anashika saa na watoto wanasukuma tairi, tukayaona kwa macho na kuyashika kwa mikono. Hakuna aliyetuuliza tumetoka nchi gani. Walituuliza kama tunaweza kufungua nati za magurudumu haraka. Binti mmoja katika kundi letu, ambaye leo anapokea cheti, ndiye alikuwa akisoma mizani. Ndani ya njia kubwa kuna njia ndogo ya robo maili ambako hata watoto hushindana kwa magari madogo, na hapo ndipo tulipoona kwamba mchezo huu una mlango wa kuingilia kwa mtu wa kipato cha chini. Viwanja vikubwa vya kisasa havina mlango huo. Kule Wilson County upo uwanja mkubwa wa zege uliofunguliwa 2001, ukakaa bila mbio tangu 2011, ukafufuliwa 2021. Tunafurahi kuwa nao, ila kijana wa Nolensville Pike hawezi kwenda huko Jumamosi akapewa spana.

Tunaijua historia ya kisiasa ya jambo hili, na tunaomba tuitaje kwa heshima zote. Enzi za Meya Karl Dean palikuwa na nia ya kuyaendeleza maeneo haya kwa matumizi mengine, na mbio zilikuwa ukingoni kufutwa. Wananchi wakakusanya saini, na Agosti 2011 kura ikapigwa: takriban asilimia 71 walisema maonesho, soko la mitumba na mbio za magari viendelee palepale. Katiba ya jiji ikaandikwa hivyo, na ikaongezwa kwamba hakuna kitakachobomolewa bila kura 27 kati ya 40 za Baraza. Bunge la Jimbo la Tennessee lilipotunga sheria mwaka 2023 ya kulegeza sharti hilo, jiji lilikwenda mahakamani na sheria hiyo ikazuiwa.

Kisha ukaja mpango wa Meya John Cooper pamoja na kampuni ya Speedway Motorsports: kukarabati uwanja, kujenga majukwaa mapya, kuweka ukuta wa kupunguza kelele na kurudisha mbio kuu za NASCAR. Bodi ya Fairgrounds iliupitisha Machi 2023. Baraza halikuupigia kura ya mwisho, Meya akamaliza muda wake Septemba mwaka huo, na suala likaangukia mikononi mwa Meya Freddie O'Connell na Baraza jipya. Wakati huohuo jirani ya njia ya mbio ulikwisha simama uwanja wa soka wa watu 30,000, Geodis Park, uliofunguliwa Mei 2022, pamoja na ruhusa ya ekari 10 kwa nyumba na maduka. Tunaupenda mpira, na wengi wetu tunakwenda kuutazama. Lakini ukisimama kati ya viwanja hivyo viwili unaona jiji lilipoamua jambo linafananaje, na lilipoahirisha linafananaje.

Na hapa ndipo hoja yetu ilipo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Uwanja huu hauuawi na tingatinga. Unauawa na kuahirishwa. Anayeuendesha anapewa mkataba mfupi. Mwenye mkataba mfupi hawezi kukopa benki kujenga choo kipya wala kubadilisha mabenchi, kwa sababu hajui kama atakuwepo. Mabenchi yanaoza, lami inapasuka, watazamaji wanapungua. Halafu anasimama mtu anasema tazameni, pamechakaa, hapana faida, tupabomoe. Uchakavu uliotengenezwa na kutoamua unageuzwa kuwa sababu ya kubomoa. Katiba ya jiji inazuia ubomoaji, lakini haimlazimishi mtu kutia hata msumari.

Tumeona pia kwamba inawezekana kuwa vinginevyo. Uwanja wa North Wilkesboro kule North Carolina, uliofunguliwa 1947, ulipoteza mbio zake kuu baada ya 1996 na ukamezwa na magugu. Mwaka 2019 dereva mstaafu Dale Earnhardt Jr. na wenzake waliingia kuyang'oa ili tu njia ipimwe kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, maana waliamini hakuna gari litakaloshindana pale tena. Jimbo likatoa dola milioni 18 kutoka fedha za kujikwamua baada ya korona, na Mei 2023 mbio za nyota wa NASCAR zikafanyika hapo. Na wazazi wetu wanaotoka Afrika Mashariki wana mfano wao. Safari Rally, mbio za magari za Kenya, ile ya dereva Joginder Singh aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, iliondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002. Watoto wa Naivasha na Nakuru walikua bila kuiona ikiwa mbio za ubingwa wa dunia. Serikali ya Kenya iliitaka irudi, ikashughulika, na mwaka 2021 ilirudi.

Mheshimiwa, hatutaki uondoke ukidhani tumeziba masikio. Kelele ni kweli. Sisi wenyewe tunakaa kwenye apatimenti zinazosikia injini, na kati ya wazazi waliopo ukumbini wapo wanaofanya kazi zamu ya usiku wakalala mchana wa mazoezi. Mama mwenye mtoto mchanga ana haki ya kulalamika, na hatuwezi kumwambia avumilie kwa ajili ya historia. Kodi za nyumba nazo ni kweli. Zimepanda mpaka familia tulizokuja nazo zimehamia miji mingine, na tunapowasikia majirani wakisema ardhi hii ingefaa nyumba za bei nafuu tunawaelewa vizuri, kwa kuwa wanaohitaji nyumba hizo ni sisi. Tunachouliza ni kwa nini kila mara ni njia ya mbio inayowekwa mezani, wakati Fairgrounds nzima ina ekari 117 na zile ekari 10 za nyumba na maduka zilikwisha ruhusiwa. Tungependa kujua ngapi kati ya nyumba zitakazojengwa hapo zitakuwa za mtu anayelipwa kwa saa.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Ombi letu la kwanza na kubwa ni kwamba Baraza lipige kura. Uletwe mpango wa ukarabati, wa kampuni hiyo au ya nyingine, ujadiliwe hadharani, gharama zote zikiwa wazi na deni likiwa la nani lijulikane, kisha mseme ndiyo au hapana. Na endapo hakuna mpango mkubwa, basi mwendeshaji wa sasa au ajaye apewe mkataba mrefu wa kutosha kumwezesha kukarabati.

Tunaomba vilevile ukuta wa kelele na vizuizi vya sauti kwenye magari viwe sharti la lazima katika makubaliano yoyote, pamoja na saa maalumu ya injini kuzimwa usiku. Timu ndogo zisaidiwe kugharamia vizuizi hivyo, zisije zikafukuzwa na kanuni zilizokusudiwa kuwalinda majirani.

Tunaomba mikutano ya hadhara kuhusu Fairgrounds iwe na wakalimani. Wazee wetu wanakaa karibu na uwanja huo kuliko wengi wanaousemea, na hawajawahi kusikika. Kiswahili kiwepo, pamoja na Kihispania, Kiarabu na Kikurdi.

Na kama uwanja utakarabatiwa, makubaliano yataje nafasi za mafunzo kwa vijana wa mitaa ya jirani. Mafundi wetu wapya wapo tayari. Utawaona muda si mrefu wakija kupokea vyeti kutoka mkononi mwako, na tunakuomba umuulize kila mmoja swali moja la ufundi. Watajibu.

Mwisho, Mheshimiwa, tunakualika rasmi uje nasi uwanjani Jumamosi yoyote ya mbio. Usikae jukwaani. Njoo huku nyuma walipo mafundi, uvae vizibo vya masikio, na tutakuonyesha mizani inavyosomwa. Mwenyekiti wetu atapanga tarehe na ofisi yako kabla hujaondoka ukumbini.

Tunaomba kuwasilisha.