Makocha wa vyuo wamtazame kwanza aliyekosewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makocha wa timu za vyuo vyetu hapa Nyanda za Juu Kusini, hasa kauli wanazotoa hadharani pale mchezaji wao anapofanya kosa nje ya uwanja. Nimekuwa mkufunzi wa michezo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na hata baada ya kustaafu sijaacha kuhudhuria mechi za vyuo hapa Mbeya na, afya inaporuhusu, kule Iringa.

Msimu uliopita wachezaji wa chuo kimoja, ambacho sitakitaja, walikula kwa mama lishe jirani na uwanja baada ya mechi, wakagoma kulipa, na mmoja wao akamsukuma binti aliyekuwa akikusanya sahani hadi akaangukia jiko la mkaa na kuungua mkono. Habari ilifika redioni kesho yake. Kocha alipoulizwa katika kipindi cha michezo alisema kwamba vijana wana damu moto, kwamba jambo hilo limekwisha kumalizwa ndani ya familia ya timu, na kwamba anawaomba mashabiki wajitokeze kwa wingi Jumamosi. Binti yule hakupewa hata pole. Muda si mrefu kocha wa chuo kingine, pengine kwa kutaka aonekane mkali kuliko mwenzake, alituma katika kundi la WhatsApp la wanamichezo picha ya mchezaji wake aliyetuhumiwa kuiba simu hosteli, pamoja na jina lake kamili na namba yake ya usajili, kabla kamati ya nidhamu ya chuo haijamsikiliza kijana huyo. Mitaani watu walibishana nani kati ya makocha hao wawili alifanya vema. Mimi naona kosa lao ni moja, kwa sababu kila mmoja alizungumza ili kulinda jina la timu na jina lake mwenyewe, na hakuna aliyezungumza kwa ajili ya mtu aliyetendewa ubaya.

Kwa miaka mingi nimefuatilia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ambako kocha wa chuo hukutana na waandishi wa habari kila wiki na maneno yake huhifadhiwa, kiasi kwamba mtu anaweza kurudi nyuma akalinganisha alichosema mwanzo na kilichojulikana baadaye. Si kwamba wenzetu hao ni wa kuigwa katika kila jambo. Makosa yao ndiyo yanayotufaa zaidi.

Nimelitafakari sana suala la Bob Stoops, aliyekuwa kocha wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Mwezi Julai mwaka 2014 mchezaji wake mpya, Joe Mixon, alimpiga ngumi ya uso mwanamke kijana ndani ya mgahawa na kumvunja mifupa ya uso. Kamera ya mgahawa ilinasa tukio lote. Chuo kilimsimamisha Mixon kucheza msimu mzima wa 2014, kisha akarudi uwanjani akawa nyota. Mwezi Desemba 2016 picha zile zilitolewa hadharani, nchi nzima ikaona, na ndipo Stoops akasema kwamba kitendo kama hicho kingetokea wakati huo, adhabu yake ingekuwa kufukuzwa kwenye timu. Lakini Stoops alikuwa ameziona picha hizo tangu mwaka 2014, na ngumi ilikuwa ileile. Katika miaka hiyo miwili na nusu iliongezeka idadi ya watu walioiona. Sisemi kwamba kufukuzwa ndiyo adhabu pekee inayomfaa kijana wa umri wa miaka kumi na minane, maana hilo lina mjadala wake. Nasema kwamba kocha akipima uzito wa kosa kwa idadi ya watu waliolishuhudia, wachezaji wake watajifunza kukwepa kamera tu, na mwanamke aliyeumia ataelewa kwamba maumivu yake hayakuwa na uzito mpaka yalipowafikia wageni.

Mfano wa pili unahusu kocha anayehubiri uwajibikaji huku yeye akiwa ameuficha ukweli. Jim Tressel wa Chuo Kikuu cha Ohio State alipata barua pepe mwezi Aprili 2010 zikimjulisha kwamba baadhi ya wachezaji wake walikuwa na shughuli na mwenye duka la kuchora tattoo, jambo lililohusu kuuza vitu vyao vya michezo kinyume cha kanuni. Hakuwaambia viongozi wake, na mwezi Septemba mwaka huohuo alitia saini fomu akithibitisha kwamba hakuna uvunjaji wa kanuni anaoufahamu. Mwezi Desemba wachezaji watano walifungiwa mechi tano, lakini adhabu ilipangwa kuanza msimu uliofuata, kwa hiyo waliruhusiwa kucheza mechi kubwa ya Januari 2011. Ukweli kuhusu barua pepe ulipofichuka, Tressel alijiuzulu tarehe 30 Mei 2011, na baadaye chuo kikafuta ushindi wake wote wa msimu wa 2010. Hapa kwetu nimeshuhudia hesabu za namna hiyo katika kiwango chetu kidogo: mchezaji anaambiwa amefungiwa, kisha kalenda inachunguzwa, na kufungiwa kunaangukia wiki za mitihani ambazo hazina mechi.

Upo pia mfano unaonipa matumaini. Novemba 2017 timu ya mpira wa kikapu ya UCLA, chuo cha Los Angeles, ilikuwa China, na wachezaji watatu wakakamatwa katika mji wa Hangzhou kwa wizi wa madukani. Waliporudi nyumbani waliketi mbele ya waandishi wa habari, na kila mmoja kwa zamu akakiri kwamba aliiba na akaomba radhi. Kocha wao, Steve Alford, alikuwepo, na akatangaza kwamba wamesimamishwa kwa muda usiojulikana na kwamba itawabidi wastahili kurudishiwa nafasi zao. Ni kweli kwamba maneno ya vijana wale yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi na hawakuruhusu maswali, na wapo walioona kwamba ilikuwa shughuli ya kupangwa. Hata hivyo walilitaja kosa kwa jina lake, kwa vinywa vyao, na kocha hakujitokeza kuwasemea. Mmoja wao aliondoka chuoni. Wawili walibaki, wakakosa msimu mzima, na mmoja kati ya hao wawili, Cody Riley, alikuwemo katika kikosi cha UCLA kilichofika nusu fainali ya taifa mwaka 2021. Adhabu haikumzuia kijana yule kuwa mchezaji mzuri.

Najua nitajibiwa kwamba makocha wetu hawalipwi mamilioni kama wale wa Marekani, na kwamba wengi wao ni wakufunzi wenye vipindi darasani, au ni vijana wanaojitolea bila hata nauli. Jibu hilo lina haki yake, na kwa sababu hiyo lawama zangu haziishii kwa kocha. Kocha anayejitolea hana mamlaka ya kumsimamisha mwanafunzi masomo, wala hana mtu wa kumshauri aseme nini mwandishi anapompigia simu usiku. Anayepaswa kuwa karibu naye ni mshauri wa wanafunzi, na pale linapokuwepo dai la ukatili wa kijinsia, dawati la jinsia la chuo na polisi. Kocha akilimaliza dai la namna hiyo "ndani ya familia ya timu", amekalia jambo ambalo kisheria si lake, na aliyeumizwa amebaki bila pa kwenda.

Tunayo pia misingi yetu wenyewe, tusingoje kufundishwa na Wamarekani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022, na sidhani kwamba kocha aliyesambaza picha na namba ya usajili ya mwanafunzi aliwahi kuelezwa kwamba sheria hiyo ipo. Kwa upande wa ligi, Kamati ya Usimamizi na Uendeshaji wa Ligi Kuu imezoea kutoa taarifa inayotaja kosa, kanuni iliyovunjwa na adhabu, kisha inanyamaza. Vijana wetu wanaoota kuvaa jezi ya Tanzania Prisons au Mbeya City wanazisoma taarifa hizo kila mara. Chuo kinaweza kuandika ya kwake kwa mtindo huohuo katika aya moja, bila kumdhalilisha mtu.

Ningependa kocha wa chuo, siku mambo yanapoharibika, asiende redioni kabla hajakwenda kwa aliyekosewa, akiwa na kiongozi wa chuo, kumpa pole na kumsikiliza. Akifika kwa waandishi aeleze kilichothibitika, aeleze ni chombo gani kinashughulikia kilichobaki, na ataje kama mchezaji atakuwa uwanjani au hatakuwa wakati shauri likiendelea. Kama chuo kitagharamia matibabu au hasara, alitangaze hilo wakati uleule, maana maneno ya pole yasiyo na kitu mkononi yamewachosha wafanyabiashara wadogo wanaozunguka viwanja vyetu. Asigusie mechi ijayo. Radhi ya mchezaji iachwe kwa mchezaji, aitoe ana kwa ana kwa yule aliyemuumiza kama yule yuko tayari kuipokea, na asilazimishwe kupiga magoti mbele ya wenzake mstarini ili apigwe picha, desturi ambayo nimeiona na inaniuma kwa sababu inamfundisha kijana kuogopa aibu kuliko kuogopa kuumiza watu. Kama kocha naye alikuwa na sehemu katika kosa hilo, kwa mfano aliwaacha wachezaji wazurure baada ya mechi bila mwangalizi, aiseme sehemu hiyo mwenyewe bila kusubiri kuulizwa.

Nauomba uongozi wa vyuo vyetu, kuanzia Mbeya hadi Iringa na Njombe, pamoja na chama cha michezo ya vyuo vikuu, TUSA, wakae na makocha kabla ya mashindano yajayo na kuandika kanuni fupi: nani anazungumza, anasema nini, na adhabu inaanza lini. Tarehe ya kuanza adhabu iamuliwe na watu ambao hawana ratiba ya mechi mezani. Serikali za wanafunzi, kupitia mawaziri wao wa michezo, nazo ziitwe kwenye kikao hicho, kwani wao ndio wanaoishi hosteli moja na wakosaji na wakosewa.

Na kwa watangazaji wa vipindi vya michezo katika redio zetu, ambao nawaheshimu kwa kazi kubwa wanayofanya, ombi langu ni kwamba kabla hawajamuuliza kocha pengo la mchezaji aliyesimamishwa litazibwaje, wamuulize aliyeumizwa anaendeleaje na ni lini kocha alikwenda kumwona.

Wako msomaji,
Mkufunzi mstaafu wa michezo,
Uyole, Mbeya