Jumamosi tunaona Sinners

Habarini wapendwa. Jumamosi ni Sinners, ile filamu ya Ryan Coogler ya 2025. Nimeshaiona na bado sijatulia. Ni Mississippi, 1932, Michael B. Jordan anacheza mapacha, na wanavyopokezana sigara mwanzoni utaapa ni watu wawili. Sammie, binamu yao mdogo, anapoimba na gitaa lake, wahenga wanaingia ukumbini kucheza pamoja na vizazi ambavyo havijazaliwa. Hapo nilitokwa na machozi. Vita vya wanyonya damu mwishoni vimevutwa mno, kwa maoni yangu.

Watoto wabaki nyumbani, ina damu nyingi. Tukutane Archives, lile jengo la kumbukumbu za taifa Nairobi, saa nane kamili. Simu zizimwe, tafadhali. Mara iliyopita mwanga ulituharibia. Wanaokuja waandike majina hapa kufikia Alhamisi jioni.