Kabla hujapiga rangi gari unalotaka kuuza

Wiki haipiti bila mtu kuingia gerejini kwetu na kusema, "Fundi, hili gari nataka kuliuza, nipigie rangi lote ling'ae." Sisi kazi yetu ni kunyoosha bodi na kupiga rangi, hapa Dar es Salaam, na kazi ya gari zima ndiyo inayotulipa kuliko zote. Hata hivyo, wengi wa wateja hawa tunawashauri waache. Anayeuza gari mara nyingi ana jambo linalombana: ada, ujenzi, mgonjwa. Inaniuma kuona anaanza kwa kuacha laki kadhaa kwetu ambazo hazitamrudia.

Kuna kaka alituletea Toyota IST ya silva, yenye namba ya usajili ya D. Ubavu wa kulia ulikuwa na mkwaruzo mrefu wa geti, bampa ya nyuma imechubuka kona, taa za mbele zimegeuka njano. Injini iko vizuri, gari halijawahi kugongwa. Mnunuzi wa kwanza alikuwa amemshusha bei kwa ajili ya ule mkwaruzo, na lilimkera sana. Akataka rangi gari zima.

Tukalisogeza juani, nikapitisha ukucha juu ya mkwaruzo taratibu, kutoka mlango wa mbele kwenda wa nyuma. Karibu njia nzima ukucha uliteleza. Ulikwama mahali pamoja tu, urefu wa kiganja, chini ya kitasa cha mlango wa nyuma. Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo umeishia kwenye klia, ule utando wa juu unaoleta mng'ao, na kampaundi na polishi vitautoa. Ukikwama, umeshapita klia, na hapo polishi itaupunguza makali tu, haitaufuta.

Tukapiga polishi ubavu mzima, tukasafisha taa, tukarekebisha kona ya bampa. Kile kipande cha kiganja tukakiacha kama kilivyo. Nikamwambia, "Kaka, mnunuzi akija, mwonyeshe hapa kabla hajapaona mwenyewe." Baadaye alinipigia simu kunisimulia. Mnunuzi alikuja na fundi wake, wakagongagonga gari kwa vidole mlango kwa mlango, wakafika kwenye ule mkwaruzo. Yule fundi akainama, akautazama, akamwambia mwenzake kwamba gari hili rangi yake haijaguswa. Mkwaruzo uliokuwa unamnyima usingizi ndio ukawa shahidi wake.

Mnunuzi wa siku hizi haji peke yake, na anayekuja naye anajua pa kuangalia. Atagonga mlango kwa kifundo cha kidole: bati tupu hulia "ting", lenye puti nene, ule udongo wa kujazia mabonde, hulia "du". Wengine hubeba sumaku ndogo, maana palipojazwa puti haishiki vizuri (kwenye bampa msihangaike nayo, zile ni plastiki). Atafungua boneti aangalie vichwa vya boliti za fenda kama vimechubuka kwa spana. Atakunja mpira wa dirisha kutafuta rangi iliyorukia. Ataweka jicho usawa wa ubavu wa gari na kuangalia kama kivuli cha mti kinanyooka au kinapinda katikati ya mlango. Kazi nzuri ya rangi hupita mengi ya haya, ila kupita yote ni nadra, na ile ya harakaharaka, iliyopigwa nje vumbi likiruka, haipiti hata moja.

Akigundua gari zima limepigwa rangi juzi, ataanza kujiuliza lilikuwa linafichwa nini. Utamweleza kwamba lilichubuliwa na geti tu. Hatakuamini, kwa sababu hata mwenye gari lililobingirika angesema hivyohivyo. Hapo umelipa pesa ya rangi na bado unashushwa bei, tena kwa hofu, na bei ya hofu huwa chini kuliko bei ya mkwaruzo.

Ukitaka kupiga mlango mmoja tu, angalia kwanza rangi ya gari lako. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani kuna kibati ndani ya boneti chenye namba ya rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida na 202 ni nyeusi. Hizo kuzioanisha ni rahisi kiasi, ingawa nyeusi haisamehi bati lisilonyooka. 1F7 ni silva, na hapo pana kazi: ina chembe zinazoakisi mwanga, na zinavyolala hutegemea mkono wa fundi na upepo wa bunduki yake ya kupulizia rangi. Hata namba ikiwa ileile, mlango mmoja unaweza kuonekana mweusi kidogo jioni, ndiyo maana fundi makini hutandaza rangi mpaka sehemu ya jirani. Nyeupe ya lulu, 070, ni ngumu zaidi kwa kuwa hupigwa tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu, kisha klia. Kwa gari la kuuza, hiyo mimi nakushauri uiache kabisa.

Pesa yako iweke kwanza kwenye usafi. Nasema hivi huku najua usafi hauniletei kazi kubwa. Osha gari vizuri, mpaka kingo za milango na chini ya zulia la buti. Fulisha siti, ondoa harufu ya unyevu, toa stika za zamani kwenye vioo. Taa zilizogeuka njano zisuguliwe kwa msasa wa maji, kuanzia mkali hadi ule laini wa namba 2000, kisha kampaundi. Hakikisha fundi anamalizia na kinga ya jua, la sivyo njano itarudi baada ya miezi michache. Taa safi peke yake hubadilisha sura ya gari kwenye picha, na wanunuzi wengi huanza kukujua kwa picha.

Yapo ya kutengeneza bila kusita. Bampa inayoning'inia, saitimira iliyovunjika, na kioo cha mbele kilichopasuka humfanya mtu aone gari halikutunzwa, na la kioo lina suala la usalama na trafiki pia. Kabla ya kununua bampa au saitimira mpya, zungukia maduka ya spea za mtumba. Ukibahatika utapata yenye rangi ya gari lako, unafunga na kuondoka. Kutu nayo haisubiri, hasa kwetu huku pwani. Lakini ikatwe au isuguliwe mpaka bati safi. Anayekupakia puti juu ya kutu anakutengenezea malengelenge, na yatamtokea mnunuzi uliyempa neno lako.

Bonde kwenye mlango ndilo linalohitaji hesabu. Muulize dalali wako, au wawili ukiweza: "Hivi lilivyo utaniuzia ngapi? Na mlango ukinyooka?" Tuseme tofauti ni 150,000 na kazi ya kunyoosha na kupiga rangi ni 200,000. Liache, piga picha, liandike kwenye tangazo. Kama rangi haijapasuka, uliza kwanza kama linaweza kusukumwa kutokea ndani bila kupakwa chochote. Mara nyingi inawezekana, na rangi ya kiwandani inabaki.

Na tafadhali usibadilishe rangi ya gari kwa sababu umeambiwa nyeusi ndiyo inayouzika. Kadi ya gari imeandikwa rangi. Mnunuzi akikuta kadi inasema silva na gari ni jeusi, mazungumzo yanaishia hapo.

Ukitaka tulitazame gari lako, lete limeoshwa, asubuhi, jua likiwa bado la upande, maana mabonde huonekana vizuri wakati huo. Kutazama hatutozi. Tutalizunguka pamoja, nitakupa chaki, na wewe mwenyewe utaweka alama pale ukucha unapokwama.