Kwa vijana wa Bukavu mnaojiandaa kupima chanjo mpya za surua

Wanangu,

Hamu yenu juu ya kibandiko cha chanjo, kipande kidogo chenye vijisindano vidogo mno kinachobandikwa ngozini, ina haki kabisa. Muuguzi anayepanda vilima vya Kadutu na sanduku la barafu anaijua taabu: chanjo ya sasa ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ukishachanganywa una saa 6 tu, kwa kuwa hauna dawa ya kuzuia vijidudu. Kwa kuogopa kumwaga kichupa cha dozi 10, muuguzi humwambia mama mwenye mtoto mmoja arudi siku nyingine. Wengi hawarudi.

Kibandiko hakina kuchanganya wala sindano ya bomba. Hata hivyo, tazameni kilivyopimwa Gambia. Kila mtoto alibandikwa kifundoni mwa mkono kwa dakika 5 na akadungwa sindano pia. Kati ya kibandiko na sindano, kimoja kilikuwa na chanjo, kingine hakikuwa nayo. Hivyo hakuna aliyenyimwa chanjo, wala mpimaji hakujua nani kapata ipi. Siku ya 42 baada ya kuchanjwa, kwa watoto wa miezi 9 hadi 10, kingamwili za surua zilionekana kwa asilimia 93 waliochanjwa kwa kibandiko, na 90 kwa sindano. Inatia moyo, ila watoto wa umri huo walikuwa 120 tu, na madhara ya nadra hayajitokezi katika idadi hiyo.

India walijaribu chanjo ya kuvuta kwa pumzi kwa watoto 2,004: asilimia 85.4 walipata kingamwili, wa sindano 94.7. Wangeweza kuisifu, lakini kikomo cha tofauti, yaani kiasi ambacho chanjo mpya iliruhusiwa kuwa chini ya sindano, pointi 5 za asilimia, kilikuwa kimeandikwa mapema, nayo ilikivuka. Nanyi kiandikeni chenu kabla ya damu ya kwanza kuchukuliwa.

Linalonisumbua zaidi ni chanjo ya surua ya zamani, yenye kipimo cha virusi kikubwa kuliko cha kawaida. Kwa watoto wa miezi 6 kingamwili zilipanda vizuri. Baadaye, Guinea-Bissau, Senegal na Haiti, wasichana waliopewa walikufa zaidi kuliko waliopewa ya kawaida. Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza mwaka 1992. Basi msifunge daftari siku ya 42. Fuatilieni miaka kadhaa, hesabuni wasichana peke yao na wavulana peke yao. Familia za Bukavu huhama, kwa hiyo andikeni simu ya mama, ya jirani, na ya nyanya kijijini, siku ileile ya kusaini kibali.