Harambee ya tovuti ya jarida letu la sanaa, Mikindani

Ndugu wazazi, walezi, wanakikundi wa zamani na watu wa kwetu mlioko Dar es Salaam na kwingineko, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Jarida letu mnalijua: karatasi za fotokopi zilizobanwa pini, zinazopita mkono kwa mkono kutoka hapa hadi Newala. Nakala zikiisha, basi. Safari hii tunawaomba mtuchangie tulifungulie tovuti ya kuonyesha kazi zake. Itakuwa ndogo, kurasa tano tu, na udogo huo ni wa makusudi. Vijana walitaka picha zinazorukaruka na muziki unaojipiga wenyewe, kamati imekataa. Msomaji wetu yuko kwenye simu, na bando lake ni la siku moja. Ukurasa ukizungukazunguka bila kufunguka, keshaondoka.

Kilichotusukuma ni majina. Kinyago kinachongwa huku, kinauzwa soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, kinavuka bahari, na mnunuzi anaambiwa tu kwamba ni cha Kimakonde. Mchongaji na mchoraji George Lilanga wa Masasi alijulikana hadi ng'ambo kwa jina lake. Mafundi wengi hawakuipata bahati hiyo. Kwenye tovuti kila kazi itaandikwa jina la aliyeifanya, kijiji chake na mti alioutumia, na haitapandishwa mpaka mwenyewe aridhie kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda, nasi hatutaki kuanza kazi kwa kumdhulumu.

Fungu kubwa litakwenda kwenye picha, na najua hapo ndipo maswali yatakapotokea. Simu si zipo? Zipo, lakini mpingo, ule mti mweusi wa vinyago, una ukaidi wake. Ukiwasha taa ya simu, sehemu moja inang'aa kama kioo na kwingine kote ni giza. Kinyago cha shetani uso wake unapotea, yanabaki meno. Kinyago lazima kikae barazani, kivulini, nyuma yake shuka isiyo na maua, na mtu ashike kitambaa cheupe upande wa pili kurudishia mwanga. Hapo ndipo alama za patasi zinapojitokeza, pamoja na ule utepe wa mbao nyeupe ya nje ambao fundi ameuacha kusudi. Kisha kuna kazi ya kuipunguza picha. Picha moja ya simu za sasa hufika megabaiti 4 au 5, kwa hiyo ishirini tu zinakula 80 na zaidi. Zetu zitashushwa hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja.

Mashairi nayo yalitusumbua. Mshororo wa mizani 16 hauenei kwenye kioo cha simu. Unakatika popote, kina cha kati kinaning'inia. Binti wa hapahapa Mtwara anayetutengenezea ameweka ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, mstari wake, na utao, nusu ya pili, chini yake, umesogezwa kidogo kulia. Mzee mmoja wa kamati alisoma ubeti mzima kwenye simu ya mjukuu wake bila kulalamika, na huyo ni mtu wa kulalamikia hata chai.

Jumla tunahitaji shilingi 1,800,000. Utengenezaji ni 600,000. Picha, pamoja na nauli za Newala, Tandahimba na Lindi, ni 750,000. Zinazobaki, 450,000, ni za kulipia anwani na hifadhi ya tovuti kwa miaka mitatu, kwa sababu anwani hulipiwa kila mwaka na ukisahau, tovuti inazimika. Wanakikundi tumeshatoa 400,000, bado 1,400,000.

Tumengoja korosho zipite mnadani ndipo tukasimama mbele yenu. Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa tisa alasiri, uwanja wa shule. Elfu mbili inapokelewa, laki inapokelewa, na kila mtoaji ataandikiwa risiti na mweka hazina. Mlio mbali, tumeni kupitia ndugu zenu walioko hapa.

Na kama nyumbani kwako kuna kinyago cha zamani na unamjua aliyekichonga, njoo nacho siku hiyo. Kitapigwa picha papo hapo, jina la fundi litaandikwa, nawe utaondoka nacho.